Kifasiri, Kikalimani na Jamii ya Watumiaji: Toleo Jipya la Lugha ya Kompyuta katika Jicho la Isimu

Utangulizi

Miongoni mwa waandishi wa programu za kompyuta kuna desturi ambayo mwanaisimu hana budi kuiona kuwa ngeni. Kila sarufi ya lugha yao inapotolewa upya, wao hufurahi. Wasemaji wa lugha za kawaida hawana tabia hiyo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1981, kisha ikarudiwa mwaka 2004 na 2013, wasomaji walio wengi hawakupanga foleni madukani. Waliolitazama kila toleo kwa makini walikuwa hasa walimu, wahariri na wale waliotaka kuona ni maneno gani yameachwa. Lakini jamii ya watumiaji wa lugha ya kompyuta husubiri toleo jipya kama wakulima wasubirivyo mvua, na likiisha kutoka hupeana habari, hulijaribu usiku huo huo na kuanza kubishana juu yake asubuhi.

Makala haya yanakusudia kueleza furaha hiyo inatokana na nini, na kwa nini wasomi wa lugha za Kiafrika hawapaswi kuipita kando kwa kudhani kuwa ni jambo la wahandisi. Mfano utakaochunguzwa zaidi ni lugha ya programu iitwayo Nuru, iliyobuniwa na vijana wa Tanzania katika muongo wa 2020 na ambayo maneno yake maalumu ni ya Kiswahili. Mazingira yatakayorejelewa ni ya Kitengela na Kajiado nchini Kenya, mahali ambapo Kiswahili kinakutana na Kimaa upande mmoja na Kiingereza cha shuleni upande wa pili.

Kitu chenyewe na jina lake

Mashine ya kompyuta haielewi ila tarakimu. Mwandishi wa programu huandika maagizo kwa maneno na alama zisomekazo na binadamu. Lazima basi kiwepo chombo cha kuyageuza maagizo hayo yawe tarakimu. Chombo hicho huwa cha namna mbili. Cha kwanza hulisoma andiko lote tangu mwanzo hadi mwisho, hulikagua, kisha hutoa andiko jipya kamili katika lugha ya mashine. Cha pili hulichukua andiko na kulitekeleza papo hapo, agizo baada ya agizo, bila ya kuacha nakala ya kudumu.

Msomaji aliyewahi kuhudhuria baraza la chifu katika vijiji vya Kajiado atakuwa amekwisha itambua tofauti hii. Ofisa hutamka sentensi kwa Kiswahili, aliyesimama kando yake huitamka kwa Kimaa, ofisa huendelea. Huyo ni mkalimani. Akikutana na sentensi asiyoielewa, baraza zima husimama hapo hapo, na yaliyokwisha semwa yamekwisha semwa. Aliyepewa waraka akaenda nao nyumbani, akaurudisha baada ya siku tatu ukiwa katika lugha nyingine, ni mfasiri. Huyu akikuta kosa katika ukurasa wa tisa huurudisha waraka wote kabla hata neno moja halijasomwa hadharani. Kwa kuwa vyombo vinavyozungumzwa hapa havina uhai, yafaa viwekwe katika ngeli ya KI-VI: cha kwanza kiitwe kifasiri na cha pili kikalimani. Hivyo ndivyo vitakavyoitwa katika makala haya, ingawa vinywani mwa wanafunzi wa Kenya neno lisikikalo ni kompaila.

Wapo wapendeleao kikusanyi au kikusanyo, kwa kulifuata neno la Kiingereza lenye maana ya kukusanya. Pendekezo hili lina historia yake, nayo yastahili kuelezwa kwa sababu inaonyesha hatari ya kutafsiri jina badala ya kutafsiri kazi. Mwaka 1952 Grace Hopper, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, alitengeneza chombo kilichojulikana kama A-0. Kazi yake hasa ilikuwa kuzitafuta sehemu za programu zilizokwisha andikwa na kuhifadhiwa, na kuziweka pamoja kwa mpangilio uliotakiwa, kama mhariri akusanyavyo mashairi ya watu mbalimbali katika diwani moja. Jina lilistahiki. Baadaye, hasa tangu kikundi cha John Backus katika kampuni ya IBM kilipotoa Fortran mwaka 1957, kazi ya chombo ikawa kufasiri, lakini jina la ukusanyaji likabaki. Mswahili asiyebeba mzigo wa historia hiyo hana sababu ya kuubeba sasa.

Hopper ana kisa kingine kinachogusa moja kwa moja suala la makala haya. Katika miaka ya 1950 aliwaeleza wakubwa wa kampuni yake kwamba kompyuta yaweza kupokea maagizo yaliyoandikwa kwa maneno ya Kiingereza. Ili kuthibitisha kuwa maneno yenyewe ni alama tu, akawaonyesha programu ile ile kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani. Matokeo yakawa kinyume cha matarajio yake: wakubwa walishtuka, wakaona ni jambo lisilowezekana kabisa kwamba kompyuta iliyoundwa Marekani ielewe Kifaransa au Kijerumani. Kwa mashine ilikuwa kazi ile ile. Kizuizi kilikuwa vichwani mwa watu. Karibu miaka sabini baadaye, mwanafunzi wa Kitengela akiambiwa kwamba programu yaweza kuandikwa kwa Kiswahili, mara nyingi jibu lake la kwanza ni kicheko.

Kitengela na Kajiado

Mji wa Kitengela umo kando ya barabara kuu iendayo Namanga. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 sehemu kubwa ya ardhi ya hapo ilikuwa ranchi ya pamoja ya wafugaji wa Kimaasai. Ilipogawanywa na kuanza kuuzwa vipande vipande, wakaja watu wa kila kabila, wengi wao wafanyakazi wa Nairobi na wa viwanda vya Athi River. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika kaunti nzima ya Kajiado, na zaidi ya 150,000 kati yao walikuwa Kitengela. Mahali pa namna hii Kiswahili hakihitaji kutetewa na mtu. Ndicho kinachouza maziwa, kinachopanga nyumba, kinachogombana na kondakta wa matatu. Ukisafiri zaidi kusini, ukapita Isinya na kufika Kajiado mjini, Kimaa husikika zaidi na Kiswahili huwa lugha ya ofisi na duka.

Kijana wa huko akifika shuleni hukutana na kompyuta kwa Kiingereza peke yake. Silabasi ya Elimu ya Kompyuta katika mfumo wa 8-4-4 iliweka kanuni za uandishi wa programu Kidato cha Tatu, na lugha zilizozoeleka kufundishiwa zilikuwa Pascal na Visual Basic. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha silabasi ya uandishi wa programu kwa shule za msingi na za sekondari. Hatua hiyo ilisifiwa kwa haki. Hata hivyo katika nchi ambayo Katiba yake ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ni vigumu kuona sababu ya kudhani kwamba agizo kwa mashine lazima liwe kwa Kiingereza.

Kwa nini toleo jipya hushangiliwa

Pascal inatoa mfano mzuri wa kueleza shangwe ya watumiaji. Kwa miaka mingi shule nyingi zilitumia Turbo Pascal, kifasiri cha kampuni ya Borland kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1983 na kupata sifa kwa wepesi wake na bei yake ndogo. Toleo lake la saba, la mwaka 1992, liliendelea kutumika muda mrefu baada ya mashine zilizokusudiwa kutoweka. Hapo ndipo lilipotokea jambo la ajabu: kompyuta zilipokuwa za kasi zaidi, programu nyingi zilizofasiriwa na chombo hicho zikaanza kukatika mara tu zinapowashwa, zikitoa kosa namba 200. Sababu ni kwamba sehemu moja ya maktaba yake ilipima kasi ya mashine kwa kugawanya hesabu, na mashine mpya zilikuwa na kasi isiyowahi kuwazwa na watungaji, hata hesabu ikafurika. Mwanafunzi hakukosea kitu. Andiko lake lilikuwa sahihi; mfasiri ndiye aliyezeeka.

Kwa hali hiyo inaeleweka kwa nini Free Pascal, kifasiri kisicholipiwa kilichoanzishwa na Florian Klämpfl mwaka 1993, kilipokewa kwa hamu kilipofikia toleo la 1.0 mwaka 2000, na kwa nini kila toleo lililofuata, kama 3.0 la mwaka 2015 na 3.2 la mwaka 2020, lilingojewa. Toleo jipya huja na mambo matatu yasiyopatikana pamoja katika kamusi. Huondoa makosa ambayo watumiaji wenyewe waliyaripoti, hivyo kila mmoja huona mkono wake ndani yake. Hulifanya andiko la zamani liende kwa kasi zaidi bila ya kubadilishwa hata nukta. Na huongeza miundo ya kusema jambo ambalo hapo awali lilisemwa kwa kuzungukazunguka.

Lakini shangwe ina hofu ndani yake. Kamusi mpya haiwezi kuufanya utenzi wa karne iliyopita usisomeke. Kifasiri kipya chaweza. Neno lililokuwa halali jana laweza kukataliwa leo, na programu iliyolisha jamaa ya watu ikasimama. Watungaji wa Python walipotoa toleo la tatu mwishoni mwa mwaka 2008, walibadilisha mambo ya msingi kwa makusudi, na jamii ya watumiaji ikagawanyika pande mbili kwa zaidi ya miaka kumi, hadi toleo la pili lilipoachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Wenye kumbukumbu ya historia ya Kiswahili hawatakosa kuona mfanano. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Maeneo ikaanza kazi mwaka 1930, andiko la Kimvita halikuacha kusomeka, lakini mwandishi wake alijikuta amekuwa mtu wa lahaja katika mji wake mwenyewe.

Watungaji wa lugha ya Go walichagua njia tofauti. Walipotoa toleo la kwanza mwezi Machi 2012 waliahidi kwamba programu iliyo sahihi kwa toleo hilo itaendelea kukubaliwa na matoleo yote yatakayofuata katika mfululizo huo. Mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Februari na Agosti, toleo jipya hutoka, na ahadi imekuwa ikitunzwa. Mwaka 2015 kifasiri chenyewe, kilichokuwa kimeandikwa kwa lugha ya C, kiliandikwa upya kwa Go. Yaani lugha ikaanza kujifasiri yenyewe, kama sarufi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa Kiswahili. Jambo hili linahusika hapa kwa sababu Nuru imejengwa juu ya Go. Kikalimani cha Nuru ni programu ya Go, nayo hufasiriwa na kifasiri cha Go. Furaha ya toleo la huko huvuma mpaka huku.

Msamiati wa Nuru

Yafaa sasa lugha yenyewe itazamwe. Hii hapa programu fupi:

fanya mifugo = 12
kama (mifugo > 10) {
    andika("Boma limejaa")
} sivyo {
    andika("Bado kuna nafasi")
}

Mtu yeyote wa Kitengela ajuaye kusoma, hata kama hajawahi kuigusa kompyuta, ataambua maana ya mistari hii. Hilo peke yake ni jambo kubwa, na si haki kulidharau. Tena kosa likitokea, kikalimani hulitaja kwa Kiswahili pamoja na namba ya mstari. Neno lisilotambulika huripotiwa kuwa ni Neno Halifahamiki. Wanafunzi wa Kenya husema kompyuta imekataa, wasijue imekataa nini, kwa kuwa sababu imeandikwa kwa Kiingereza cha kifundi. Hapa mashine hukataa kwa lugha ya mwenyewe.

Maneno maalumu yakichunguzwa moja moja, sifa zake zinatofautiana. Unda, linalotumika kutengenezea kitendaji, ni chaguo zuri sana. Ni neno la mafundi wa vyombo vya baharini, na kitendaji ni chombo kiundwacho mara moja kikasafiri mara nyingi. Rudisha, tupu na kawaida hayana mushkeli. Vunja, linalokatiza mzunguko wa maagizo kabla ya wakati wake, huonekana kwanza kama tafsiri ya sisisi kutoka Kiingereza, lakini Kiswahili husema kuvunja safari na kuvunja mkutano, kwa hiyo neno limekaa penye mila yake. Badili ndilo lenye tatizo. Linaanzisha muundo ambao thamani moja hulinganishwa na hali kadhaa ili ichaguliwe njia ya kufuata. Hakuna kinachobadilika hapo. Kinachofanyika ni kuchagua. Neno limefuata maana moja ya neno la Kiingereza lenye maana mbili, na mwanafunzi atapotea. Fanya nalo, kwa kutangaza kigeu, ni jepesi mno: kila kitu katika programu ni kufanya.

Kinachovutia zaidi mwanaisimu ni sikweli. Mantiki ya kompyuta inahitaji thamani mbili, na Nuru imechagua kweli na sikweli. Kwa tahajia sanifu lingeandikwa kwa maneno mawili. Lakini kikalimani hutambua mipaka ya maneno kwa nafasi iliyoachwa wazi, na alama moja haiwezi kuwa maneno mawili. Hivyo mashine imeamua kwa mkato mjadala wa zamani wa wataalamu wa lugha za Kibantu kuhusu viambajengo vipi viandikwe pamoja na vipi mbalimbali. Kwa upande mwingine, au kama limeachwa kuwa maneno mawili, kwa kuwa kila moja lina kazi yake. Na katika muundo wa kurudiarudia, kwa hufuatwa na ktk, kifupisho cha katika ambacho kila karani anakijua. Atakayenuna kwa kuona kifupisho kikipandishwa daraja kuwa neno kamili la lugha na akumbuke kwamba waandishi wa programu ni wavivu wa vidole, na kwamba uvivu huo umeunda maneno mengi kuliko kamati zilivyounda.

Hata hivyo suala zito haliko katika msamiati. Liko katika kama. Neno hili katika Kiswahili lina kazi nyingi: sharti, mfanano, makadirio, na swali lililofungwa ndani ya sentensi. Sharti lenyewe, katika usemi wa asili, mara nyingi halihitaji neno la pekee. Mswahili hasemi kama mifugo imezidi kumi, boma limejaa. Husema mifugo ikizidi kumi, boma limejaa. Sharti limo ndani ya kitenzi, katika kiambishi -ki-, kama vile -nge- na -ngali- zinavyobeba masharti yasiyotimia. Lugha zote za programu zilizoenea zimejengwa juu ya dhana kwamba sharti ni neno linalosimama peke yake, kwa sababu ndivyo Kiingereza kilivyo. Kwa maneno mengine, Nuru imetafsiri kamusi, lakini sarufi ya chini yake imebaki ya kigeni. Kwa bahati njema katika tanzu za badili imetumia ikiwa, na humo ndani -ki- imelala kama mbegu. Ni hapo ambapo uambishaji wa Kibantu wa sharti unaonekana.

Je, yawezekana kuwa na kikalimani kinachoelewa ikizidi? Kiufundi inawezekana. Kingehitaji kuchambua kitenzi katika viambishi vyake kabla ya kuanza kazi yake ya kawaida, na uchambuzi wa namna hiyo umekwisha fanywa na wanaisimu.

Vifasiri vya wanaisimu wenyewe

Wasomaji wa kurasa hizi mara nyingi husahau kuwa nao wana kifasiri chao. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Finland alieleza namna ya kuandika kanuni za kifonolojia zinazofanya kazi kwa ngazi mbili kwa pamoja, umbo la ndani na umbo la nje. Kanuni hizo mwanzoni zilibadilishwa kwa mkono kuwa jedwali za mashine, kazi ya kuchosha na yenye makosa mengi. Mwaka 1987 kilipatikana kifasiri cha kanuni hizo, kilichotokana na kazi ya Koskenniemi pamoja na Lauri Karttunen na Ronald Kaplan. Mwanaisimu akaweza sasa kuandika kanuni kama azoeavyo kuiandika katika makala, na chombo kikaigeuza. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikwisha anza tangu 1985 kuujenga uchambuzi wa Kiswahili kwa njia hii, na kutokana na kazi hiyo ukapatikana mfumo wa SALAMA na hazina ya matini za Kiswahili ya Helsinki. Mwaka 2009 Mans Hulden alitoa foma, kifasiri cha wazi kisicholipiwa, na wengi waliokuwa wamefungiwa nje kwa sababu ya leseni wakapata mlango.

Faida yake huonekana katika jambo dogo. Kanuni husema kwamba ki- mbele ya irabu huwa ch-: chakula, chombo, chama. Mwalimu huiandika ubaoni na kuendelea. Kifasiri hakiendelei. Kitaifuata kanuni kwa uaminifu hadi kitoe chatu mahali pa kiatu, nyoka mahali pa kivazi cha mguuni, na hapo mtafiti hulazimika kutafuta sababu. Sababu ni kwamba shina la kiatu lilikuwa na konsonanti mwanzoni, ambayo Kiswahili kimeipoteza baada ya badiliko la ki- kumalizika. Jirani wa Kitengela asemaye Kikuyu angali nayo: husema kĩratũ. Ithibati imo sokoni, na aliyeilazimisha itafutwe ni mashine isiyokubali kunyamaziwa.

Kimaa na alama moja ndogo

Kwa Kimaa kazi ni ngumu zaidi, na ni huko Kajiado ambako matokeo yake yangegusa watu. Sarufi ya A. N. Tucker na John Tompo ole Mpaayei ya mwaka 1955 ilikwisha onyesha kwamba katika Kimaa toni hutofautisha nomino iliyo kiima na iliyo yambwa. Kitenzi hutangulia, kisha kiima, kisha yambwa. Lakini maandishi ya kawaida, ya vitabu vya shule na vya kanisa, hayaonyeshi toni. Msomaji mzawa hujaza pengo kwa sikio lake. Kifasiri hakina sikio. Kikipewa Kimaa kama kinavyoandikwa, kitaleta uchambuzi wa namna mbili au tatu kwa sentensi moja na kumwachia binadamu kuchagua. Dawa yake ni orodha ya maneno yenye toni zilizotiwa alama. Doris Payne na wenzake wameifanya sehemu muhimu ya kazi hiyo katika kamusi yao ya Kimaa, lakini kutia alama za toni katika matini ndefu kunahitaji wasemaji wazawa waliofunzwa, na hao hawapatikani Helsinki.

Kuna kikwazo kingine kilicho kidogo hata kinachekesha. Katika lugha takriban zote za programu, alama ya kibainishi hufungua au kufunga maneno yanayonukuliwa, au imetengewa kazi nyingine. Haiwezi kuwa sehemu ya jina la kigeu. Nuru hukubali maneno yafungwe kwa kibainishi kimoja au kwa viwili. Kwa hiyo kijana wa Kajiado anayetaka kuhesabu mali ya babake hawezi kuandika fanya ng'ombe = 12. Kikalimani kitasoma ng, kisha kitadhani nukuu imeanza, kisha kitatafuta mwisho wake bila ya kuuona. Akikimbilia lugha ya mama hatapona: ng'ombe jike kwa Kimaa ni enkiteng', na kibainishi kiko pale pale mwishoni. Wingi wake, inkishu, hauna kibainishi. Basi anaweza kuhesabu ng'ombe wengi lakini si mmoja.

Alama hii haikuanguka kutoka mbinguni. Katika miaka ya 1920 Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika ilipendekeza herufi moja, ŋ, kwa sauti hiyo. Wasanifishaji wa Kiswahili hawakuifuata. Taipureta hazikuwa nayo, na wakachagua ng pamoja na kibainishi. Uamuzi uliofaa taipureta umekuja kuwa kikwazo katika kompyuta, na kinyume chake ni kwamba herufi iliyokataliwa ingepita bila ya shida: Go huikubali ŋ kuwa herufi kama herufi nyingine yoyote katika majina ya vigeu, na kikalimani kilichojengwa juu yake chaweza kufundishwa vivyo hivyo.

Nani mwenye neno

Matoleo ya awali ya Nuru yalipewa namba zinazoanzia sifuri. Kwa desturi ya watu hawa namba hiyo ni tangazo: msamiati haujafungwa, maoni yanapokelewa, lolote laweza kubadilishwa. Programu yenyewe ni ya wazi; yeyote aweza kuisoma ilivyoundwa, kupendekeza neno jingine na kutoa sababu. Aweza hata kuijaribu katika simu ya Android kwa msaada wa programu ya Termux, na kijana asiye na kompyuta, aliyeketi nje ya saiba mjini Kitengela, akawa sawa na mwenye maabara. Muda huo utapita. Toleo la kwanza kamili likitoka na kushangiliwa, na programu za watu zikisimama juu yake, badili itabaki badili hata vyuo vikuu vyote vya Afrika Mashariki vikiandika makala kuonyesha kuwa ilipaswa kuwa chagua. Kwa kuwa kuibadilisha wakati huo kutakuwa ni kuzivunja kazi za watumiaji, na hakuna jamii itakayokubali.

Idara za Kiswahili zimetumia miaka mingi kujadili kama chombo kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, mjadala ambao umefika mwisho wake wa kawaida: Kenya ina lake, Tanzania ina lake, na mafundi wana lao. Majina ya chombo yanaweza kuvumilia hali hiyo. Maneno maalumu ya lugha ya programu hayawezi, kwa kuwa kikalimani hakijui visawe. Mapendekezo mawili yaliyotajwa hapo juu, kwamba badili liwe chagua na kwamba ŋ iruhusiwe katika majina ya vigeu, yaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja na kupelekwa kwa watungaji kabla ya muhula huu kwisha. La tatu, la kiambishi -ki-, ni kazi ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliye tayari kushika sarufi kwa mkono mmoja na foma kwa mwingine. Na kama mwanafunzi huyo ametoka Kajiado na anazitambua toni za Kimaa kwa sikio lake, hatakosa kazi ya pili atakapoimaliza ya kwanza.